Kijani Kilichotoka Kisimani

Bi Zuwena,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu hukuwahi kunisikiliza neno kabla sijakuamkia, hata asubuhi ile moto uliposhika pindo la khanga yangu, ukasema niamkie kwanza kisha nizime. Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda chetu cha rangi, nimekalia kiroba cha maganda ya vitunguu, na mlango nimeutia komeo kwa ndani. Ni Alhamisi asubuhi. Nje, kwenye mabomba ya kisima chako, watu wamejaa na wanalitaja jina lako, na si kwa dua. Nitakueleza kwa nini. Ila nikianzia hapo sitaeleweka, na wewe hukumpenda mtu anayeinjika chungu kabla hajachambua maganda.

Kwanza habari za nyumba. Mwanao Nassor ameniacha nikae hapahapa, kwenye chumba changu kile cha uani. Alisema mbele za watu, "Tatu si mtumishi, Tatu ni mtoto wa mama." Nilimshukuru, na tangu siku hiyo nikimwona naona haya. Bi Pili anakuja kila siku kuchovya nguo chunguni. Magoti yake bado yanamsumbua, mdomo wake bado haumsumbui. Wauza vitunguu sokoni sasa wananiita mimi Bi Maganda, jina lako hilo, wamenirithisha bila kuniuliza. Nawafagilia vibanda vyao kama ulivyokuwa ukifanya, nazoa maganda yote, na yule mwenye upara bado anauliza kama tunayala au tunayafanyia uganga. Muuza juisi wa stendi ananiwekea kokwa za parachichi na maganda ya komamanga kwenye ndoo. Kazi haijafa. Nilitaka ulisikie hilo kabla ya mengine.

Sasa kisima.

Ulituacha kabla tu ya Ramadhani. Nassor alifika kutoka Dar es Salaam akakuta umeshaoshwa, akakaa barazani akalia mpaka kofia ikamdondoka, mwanamume mzima wa miraba minne. Mfungo wote alikuwa anatafuta la kukufanyia. Mwishoni akalipata: maji. Akasema sadaka ya maji haikatiki, kila atakayekunywa thawabu zake zitakufikia huko uliko. Siku ya arubaini yako, watu walipomaliza khitma na pilau, akatupeleka nje kutuonyesha. Alikuwa amefunga pampu kisimani, amepandisha tangi kubwa jeusi juu ya mnara wa matofali, na kuvuta mabomba manne hadi ukuta wa barabarani ili mchotaji asihitaji hata kubisha hodi. Juu ya mabomba kuna kipande cha marumaru kimechongwa: Sadaka ya Bi Zuwena.

Unaijua hali ya mtaa wetu. Maji ya bombani huja yakipenda, na visima vya wengine vina chumvi. Chako ndicho cha maji baridi. Basi tangu siku ile ndoo zinapanga foleni kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na wengine wanatoka njia ya Mbegani kwa baiskeli, wamening'iniza madumu huku na huku. Wakishajaza wanasema, "Allah amrehemu Bi Zuwena." Mimi nikiwa jikoni naitikia amina. Shaka nilikuwa nayo tangu siku ya arubaini, Bi Zuwena. Nikaikalia.

Masika yakaingia. Mwaka huu yameingia kwa nguvu, uwanja wetu wote umekuwa tope na maji ya kisima yamepanda mpaka unaweza kuyachota kwa kata ya mpini mrefu. Dalili zilianza kidogokidogo. Wa kwanza kusema alikuwa Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule uliyemkanda tumbo alipojifungua Shaabani. Alisema maji yana ladha ya kung'ata shilingi. Tukamcheka, tukamwambia mimba hiyo nyingine inakuja. Siku chache baadaye sufuria yake ya uji ikaanza kuvuja, vitundu vidogovidogo chini kama iliyochomwa sindano. Ya Bi Pili nayo ikatoboka. Wanawake wakafika bombani kila mmoja na sufuria yake, wanaiinua juani na kutazama mwanga ukipenya. "Sufuria za siku hizi karatasi," walisema, wakamlaani muuzaji. Nami nikamlaani pamoja nao.

Ustadh wa madrasa alifua kanzu yake nyeupe, ikatoka na madoa ya kijani mabegani. Akanitania, "Tatu, rangi zenu zimeanza kunifuata nyumbani." Hakujua.

Halafu tangi. Nassor alikuja kulisafisha, akafungua kifuniko, akakuta ndani ni safi kama siku ya kwanza. Hakuna utelezi, hakuna kiluwiluwi hata mmoja, na mvua zote hizi. Aliita watu wapande mmojammoja watazame. "Haya si maji ya kawaida," alisema, "haya ni baraka za mama." Mzee mmoja alipangusa machozi. Nami nikapanda, nikachungulia, nikaona uso wangu kule chini umetulia kwenye maji ambayo hata mbu ameyakataa, nikang'ang'ania ukingo mpaka nikashushwa kwa kushikwa mkono. Wakadhani ni huzuni ya kukukosa.

Sasa ni watoto. Wale wa madrasa wanafika asubuhi na matumbo matupu, wanapita bombani kunywa, wakikaa mkekani wanatapika. Ustadh alisema ni maembe mabichi, akawachapa. Shaabani wa Mwanaidi hana embe wala nini, ana miaka miwili, na leo ni siku ya tano ameshika tumbo na uji haukai. Wamempa dawa ya minyoo, haikumsaidia. Mama yake amekuwa akimbeba mlango hadi mlango, na kila mtu anamshauri ampe maji mengi.

Unajua ninakoelekea. Acha niseme taratibu, kwa sababu kuna mengine huyajui.

Nilipokuja kwako kutoka Makurunge sikujua kitu. Nilikuja kufua na kupika, ukaniona nimesimama kibandani natazama nguo ikitoka chunguni rangi ya dhahabu, ukauliza, "Wewe Mkwere, unatazama au unataka?" Nikasema nataka. Ukanipa kiroba. Mwaka mzima sikugusa chungu, nilikuwa nazoa na kuchambua tu, maganda mekundu huku, ya manjano huku, yaliyooza nje. Mtu akiyaita takataka mbele yako ulimtoa barazani. Ukanifundisha kuloweka nguo kwenye shabu ili rangi ing'ang'anie. Kokwa za parachichi zikatupa waridi, maganda ya komamanga na maji ya misumari yenye kutu yakatupa nyeusi ambayo hata sabuni ya mche haikuweza kuitoa. Ulikuwa ukinusa mvuke, unasema "bado," na kweli inakuwa bado. Ulikuwa mkali, mwenye majivuno, na ulinipenda. Nilikuita Mwarabu wangu moyoni, kukulipizia lile Mkwere.

Kijani ndicho kilichotushinda. Yule mteja wa Dar es Salaam, mwenye duka la wageni, alikitaka, na alikitaka cha asili. Tulichemsha majani ya kila mti wa hapa Kaole na yote yakatoa rangi ya uji wa ulezi. Ulikonda kwa kijani kile. Ndipo alasiri moja ukarudi kutoka mjini umefunga kitu kwenye ncha ya khanga, ukafungua mbele yangu. Mawe ya buluu. Mrututu, ule wanaouuza kwenye maduka ya pembejeo kupulizia mazao. Nilishtuka, ukaniambia, "Marehemu mama alitupaka vidondani. Ni dawa hii." Ukatupia kipande chunguni, kwenye maganda ya vitunguu, na ile dhahabu ikageuka kijani mbele ya macho yetu. Uliziba mdomo kwa kiganja kama msichana.

Mteja ulimwambia ni majani ya mkunazi yaliyochumwa kabla ya jua. Bi Pili naye ukamwambia hivyohivyo. Tuliojua ni wewe na mimi. Sikuupenda ule uwongo, lakini nilipenda mno kuwa mtu uliyemwamini kwa siri, nikaitunza.

Na sheria uliiweka siku ileile. Maji ya maganda matupu yamwagwe kwenye shimo la hapa, nyuma ya kibanda, yanywewe na migomba. Maji ya mrututu yabebwe mpaka shimo la kule chini, kwenye ardhi ya chumvi karibu na mikoko, ambako hakuna kisima cha mtu. "Maganda hapa, buluu kule." Ulinifanya niirudie kama mtoto anayesoma juzuu. Ukasema mrututu si maganda, na kisima chetu kiko hatua ishirini tu kutoka shimo la hapa.

Wiki iliyopita yule mteja alituma neno kwamba sasa anataka nguo zisizotiwa dawa yoyote, hata shabu, rangi tupu ya ganda. Nikachukua kipande cha nguo ya marekani, nikakifua, nikachemsha maganda mekundu ya vitunguu kwa maji ya kisima na si kitu kingine. Unajua nilichotarajia: kahawia hafifu, rangi ya chai isiyokolea. Nilipofunua, nguo ilikuwa ya kijani.

Bi Pili alipiga makofi. "Kumbe alikuachia siri, na sisi tunahangaika." Nikamwambia aende akaswali adhuhuri, maana nilihitaji aondoke. Nikajiambia ni chungu, labda nimechanganya na kile cha buluu. Nikachukua sufuria mpya ya dukani, maganda mengine, nguo nyingine, maji yaleyale ya kisima. Kijani. Nikakinga maji ya mvua kwenye michirizi ya bati, nikachemsha mara ya tatu. Kahawia. Nikaanika vipande vitatu kwenye kamba, viwili hivi na kimoja vile, nikakaa chini yake kwenye tope. Mrututu uko kwenye maji, Bi Zuwena. Umo wa kutosha kushika rangi, na watu wanaupikia uji.

Mpaka hapa unaweza kufikiri nimekuja kukulaumu kwa mawe yako. Ningependa iwe hivyo. Wiki nzima nimejaribu kuiandika hivyo kichwani na ilikuwa inakwenda vizuri.

Lile shimo la kule ni mbali. Ndoo mbili za maji ya moto, jua la alasiri, njia ya miiba, halafu tope jeusi la mikoko linalonuka na kukuvua ndala. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mvua, nikasema leo tu. Nikamwaga hapa, kwenye shimo la maganda, nikakaa kidogo nyuma ya kibanda ili muda wa kwenda na kurudi upite. Ukaniuliza, "Umefika kule?" Nikajibu, "Nimefika." Ikawa rahisi. Mara ya pili haikuhitaji mvua. Mwisho nilikuwa naenda kule siku mojamoja tu, ukiwa umekaa upande wa kunitazama, na zilizobaki zote namwaga hapa, hatua ishirini kutoka kisimani. Kila chungu cha kijani tulichouza, mimi ndiye niliyekimwaga. Miaka ile yote hukuwahi kunifuata kuhakikisha. Hukuwahi hata kunitazama miguu kama ina tope.

Migomba ilipoanza kukauka ulizunguka ukiishika majani, ukasema, "Hii imeingiwa na nini?" Nikakujibu ni ugonjwa, hata kwetu Makurunge umeingia. Uliamini, ukanituma nikatafute miche mipya. Nikaileta, nikaipanda, ikafa.

Kisha ukaanza kuumwa tumbo wewe. Kisha macho yakawa ya manjano. Daktari alisema ini limechoka, hakusema limechoshwa na nini, na sisi tukasema ni umri na amri ya Mungu. Sijui, Bi Zuwena. Sina cheti cha kunihukumu wala cha kuniachia. Ninachojua ni kwamba Nassor hunywa maji ya chupa kwake Dar es Salaam, Bi Pili alikuwa anakuja na chupa yake ya chai kutoka kwake, na mimi nilipendelea soda kila nilipopata mwanya wa kuchomoka kwenda dukani. Wewe ulikunywa maji ya kisima chako tu.

Jumanne Nassor alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu ufe. Amenunua mabomba mapya, kesho baada ya swala ya Ijumaa atazindua laini ya kwenda madrasa moja kwa moja, na pipa la kunywea ndani, watoto wasipate taabu ya kuvuka barabara. Aliniuliza kama mama angefurahi. Nikasema, "Inshallah." 

Nimekwenda kwa ustadh mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikageuka. Mara ya pili alinifungulia, nikaomba kuazima chujio. Mwanamke mwenye machujio sita kibandani kwake. Alinipa, akaniombea dua. Nilijiambia naogopa kulichafua jina lako, naogopa Bi Pili na wenzake wakose kazi, naogopa kumvunja Nassor. Yote hayo yapo, lakini nikiyachambua kama maganda yanabaki machache. Niliogopa kuulizwa nani alimwaga.

Jana jioni Mwanaidi alipita na Shaabani mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Akanionyesha chupa mkononi. "Nimemchotea ya bibi yake," alisema, "huenda baraka zikamsaidia." Nikaikamata ile chupa, nikaifungua, nikamwaga chini mbele yake. Alinitazama kama niliyemtemea mate. Nikamwambia niliona mdudu ndani. Akaenda kuchota nyingine.

Basi leo, watu walipokuwa msikitini kwa swala ya alfajiri, nimefanya kazi niliyoijua. Nilikuwa na ndoo nne za nyeusi, komamanga na kutu, nzito, tulizoziandaa na Bi Pili kwa ajili ya vitambaa vya meza. Nikapanda mnarani ndoo moja moja, nikazimimina zote kwenye tangi la Nassor. Nikang'oa waya wa pampu nikautia mfukoni. Maganda na kutu havitamuua mtu, lakini hakuna mama atakayekitia kile kinywani mwa mwanawe. Sikuweza kuusema mrututu uliomo humo, maana hauonekani. Nilichoweza ni kuyatia maji rangi ya kuonekana.

Nilidhani itanipa muda. Nilidhani watasema bomba limeharibika, watarudi kwao, nami nitamngoja Nassor nimweleze peke yake kwa utulivu. Nilisahau ninaishi na watu gani. Wa kwanza kufungua bomba alikuwa mke wa muuza samaki, na ukelele wake uliwatoa wengine majumbani. Maji meusi yanatoka chini ya jina lako lililochongwa. Nimewasikia kupitia nyufa za mlango huu tangu jua lilipochomoza. Kwanza walisema jini. Halafu mmoja akasema jini haliingii kwenye sadaka isipokuwa sadaka yenyewe ina walakini. Halafu sauti ikashuka, nami sauti ya kushuka ndiyo naisikia vizuri kuliko zote: wanasema kaburi lako linawaka. Wanasema kuna jambo ulilifanya duniani, ndiyo maana maji yako yamegeuka. Mmoja amekumbusha kwamba macho yako yalikuwa ya manjano kabla ya kufa, na kwamba hiyo ilikuwa alama. Bi Pili amekuja kugonga hapa mara mbili. "Tatu, toka, wanamsema vibaya Bi Zuwena." Mara ya pili alikuwa analia.

Na sasa hivi nimesikia gari la Nassor. Amekuja siku moja mapema, na yale mabomba mapya. Mlango wa gari umefunguliwa. Nasikia bomba likifunguliwa, likitiririka, likifungwa. Anauliza nani aliyefanya hivi. 

Nimekaa na kalamu hii kwa sababu nilitaka wewe ulisikie kwanza, kabla yao. Najua ni ubinafsi. Ungekuwa hai ungeninyang'anya karatasi ukanisukuma nje kwa kiganja mgongoni.

Nakuahidi nitatoka nianze na jina langu. Nitausema na mrututu, kwa sababu nisipousema hawatajua watoto watibiwe nini, na hapo jina lako litaguswa, nivumilie. Kipande cha jiwe la buluu nimekifunga kwenye karatasi, Shaabani apelekwe nacho hospitali ya mjini leo hii, daktari akione kwa macho yake. Kisima kitafungwa mpaka watu wanaojua maji waje wayapime, na ikibidi kufukiwa, jembe la kwanza ni langu. Mteja wa Dar es Salaam ataambiwa kijani kilitoka wapi. Chumba cha uani nitakirudisha bila kuombwa. Kama watanipeleka polisi nitakwenda, na kama watanipiga sitakimbia.

Lakini hao wanaosema kaburi lako linawaka, nitawaambia jambo ambalo hata Nassor halijui. Zile wiki za mwisho, ulipokuwa huwezi kuinuka, ulikataa maji ya dukani, ukasema hayakukati kiu. Nikawa nakuletea ya kisimani. Nilikuinua kichwa kwa mkono wangu wa kushoto na kikombe nimekishika kwa wa kulia, asubuhi, mchana na jioni, ukinywa mpaka tone la mwisho. Siku uliyokufa ulikunywa viwili, ukasema, "Ahsante, mwanangu."

Kwaheri, Bi Zuwena. Nafungua mlango.

Tatu